Shajara ya mradi: vakyumu ya msikiti, brashi haizunguki

Mashine ni vakyumu (kifyonza vumbi) ya kusimama, ya kusukuma kwa mpini, mtumba iliyoshuka na kontena kutoka Dubai. Volti 220–240, wati 1,400. Mota ni moja tu: inavuta upepo na hapo hapo inazungusha brashi kwa mkanda wa mpira. Kibandiko cha namba ya modeli kimefutika, kijitabu hakuna. Nitaongeza hapa kila hatua ikiisha, pamoja na pesa iliyonitoka, ili mwenye mashine ya namna hii asipite nilikopita mimi.

Jumamosi, 18 Januari 2025

Mzee anayeangalia msikiti wetu hapa Ngamiani, Tanga, amenishika mkono baada ya Adhuhuri. "Mwanangu, ile mashine inanguruma tu, zulia linabaki na mchanga wake." Ramadhani imebaki wiki sita. Mazulia yetu ni yale mazito yenye manyoya, na ufagio wa chelewa ukipita juu yake unatimua vumbi hadi kwenye mapangaboi, halafu vumbi linarudi chini wakati watu wamesujudu.

Nimeiwasha uani. Mota inalia vizuri, kiganja kikiwekwa kwenye mdomo wake kinavutwa, ila brashi imelala. Hapo tayari nusu ya kazi imekwisha: mota ni nzima, umeme unafika, kwa hiyo ubovu uko kati ya shafti ya mota na brashi. Ama mkanda, ama brashi yenyewe imekwama. (Mashine nyingine, mpini ukiwa wima brashi inakatwa makusudi, na nyingine zina pedali ya kuizima. Angalia hayo kabla hujashika bisibisi. Yangu haina chochote kati ya hivyo.)

Plagi nje ya soketi, mashine chali. Skrubu saba, zote za nyota ya pembe sita, na mimi bisibisi zangu ni za msalaba na bapa tu. Nimejaribu kuidanganya ya kwanza kwa bisibisi bapa, ikaanza kuliwa kichwa. Nikaacha, nikanunua bisibisi ya nyota kwa 4,000.

Ndani nimekuta mkanda umelegea kama lastiki ya soksi kuukuu, unang'aa upande wa ndani, unaning'inia kwenye shafti bila kuishika. Brashi haionekani: imevikwa nyuzi za mazulia, za kanzu na za shungi, unene wa kidole. Nimepitisha wembe kwa urefu kati ya safu mbili za manyoya ya brashi, nikazipasua kama ninavyopasua dafu, nikazing'oa kwa kibano. Saa nzima. Brashi imetoka safi.

Hukumu ya leo: mkanda umechoka.

(Nimeongeza tarehe 8 Februari: hapa ndipo nilipokosea. Nilisafisha katikati, ncha mbili za brashi sikuzigusa.)

Jumapili, 19 Januari

Mkanda wa vakyumu Tanga sijaupata. Duka la vifaa vya umeme la kwanza wameniuliza vakyumu ni nini, la pili wakanipa mkanda wa mashine ya kufulia, mrefu kama kamba ya kuanikia. Nikaamua kujitengenezea.

Jaribio la kwanza: mpira wa ndani wa bodaboda. Fundi pancha wa kona amenipa kipande bure, nikakata pete ya upana wa sentimita moja kwa mkasi. Imeingia kwa kubana, brashi ikazunguka, nikatabasamu kwa dakika nne. Kisha harufu. Pete iliyokatwa kwa mkono haina upana mmoja, na mota za namna hii zinazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, kwa hiyo pete ilikuwa inatembea polepole kuelekea ukingoni mwa shafti. Ilipofika ukutani ikajisugua kwenye plastiki mpaka ikayeyuka. Nimetumia muda mrefu kubandua ule ulami kuliko niliotumia kukata pete.

Jaribio la pili: mkanda wa ngozi wa cherehani ya miguu, 3,000, niliufupisha na kuufunga kwa kile kipini chake cha waya. Usijaribu. Ngozi haivutiki, kuuingiza tu ni vita, na kila kipini kinapopita kwenye shafti kinagonga: tak, tak, tak, haraka hata inakuwa mlio mmoja. Nilizima kabla ya sekunde kumi. Mke wangu alitoka jikoni kuangalia nani anapiga risasi.

Jumamosi, 25 Januari

Nimekubali kupima. Mkanda wa zamani haupimwi, umeshanyooka. Pima njia unayopita.

Shafti ya mota ina kipenyo cha milimita 8. Mfereji wa kwenye brashi una 32. Kutoka katikati ya shafti hadi katikati ya brashi ni 110. Urefu wa njia ni mara mbili ya umbali huo (220), jumlisha vipenyo viwili ukizidisha kwa 1.57 (40 × 1.57, karibu 63), na unaongeza kidogo kwa sababu vipenyo hivyo havilingani, kwangu milimita moja na robo hivi. Jumla karibu 284. Nimehakikisha kwa kuzungusha uzi wa kushonea: 285. Mkanda wa mpira unatakiwa uwe mfupi kuliko njia yake ili ubane, kwa hiyo natafuta kitu cha 255 hadi 270.

Ukigawanya 32 kwa 8 unapata 4: brashi ikizunguka mara moja, mota imezunguka mara nne.

Mdogo wangu yuko Dar. Nimempigia apite mtaa wa Gerezani kwa wauza oringi (pete za mpira) za majeki na magreda. Amepata za mpira mweusi, unene milimita 5, tundu milimita 80. Ukipima katikati ya unene wake inazunguka 267. Mbili kwa 5,000, na kifurushi cha basi 5,000 nyingine.

Jumamosi, 1 Februari

Oringi imekaa kama imezaliwa pale. Nimefunga skrubu saba, tukaiingiza msikitini baada ya Alasiri. Safu ya kwanza ya zulia, ya pili, ya tatu. Rangi ya kijani ambayo hatujaiona tangu zulia litandikwe ikaanza kurudi, watoto wa madrasa wanaifuata mashine kama inagawa haluwa. Dakika ya ishirini na tano, harufu ile ile ya raba, na kimya kwenye brashi. Oringi imekatika.

Nikaweka ya pili pale pale, nikiwa nimechutama kwenye kibaraza. Dakika kumi. Imekatika.

Hapo nilikuwa tayari kulaumu Gerezani nzima. Mzee akaniomba brashi. Yeye amestaafu kazi ya reli, alikuwa anapaka grisi mabehewa kwenye njia ya Tanga hadi Moshi. Hakuiangalia hata. Aliigusa ncha moja kwa mgongo wa mkono, akaigusa ya pili, akarudi ya kwanza.

"Huku baridi. Huku moto."

Nami nikagusa. Ncha ya upande wa mkanda ilikuwa vuguvugu tu. Ncha ya mbali, ambako hakuna mkanda wala msuguano wowote unaoonekana, ilikuwa na moto wa sufuria.

"Treni ikisimama stesheni, sisi tulishuka tukapapasa masanduku ya ekseli hivi hivi," akasema. "Lenye moto ndilo lina ugonjwa. Wewe mwezi mzima unamnunulia mgonjwa viatu."

Akaishika brashi kwa vidole viwili, akaizungusha mbele ya sikio langu. Ilipaswa kuzunguka kimya na kujisimamia yenyewe. Ikatoa mlio wa mchanga kwenye kinu, nusu duara, ikasimama.

Kwa hiyo ndiyo hii: brashi ni nzito kuzunguka, mota haijali, inaendelea kuzunguka ndani ya mkanda uliogoma. Shafti ya milimita 8 inausugua mkanda mahali pamoja kama mtu anayepekecha moto. Mpira wa zamani uling'aa na kulegea kwa sababu hiyo, na oringi zangu zimekufa kwa sababu hiyo. Na mimi mkanda ulipolegea mara ya kwanza nilinunua mkanda.

Jumamosi, 8 Februari

Kufungua ncha za brashi. Kila ncha ina kofia ya plastiki, na bering (pete ya gololi inayobeba ekseli) iko nyuma yake. Kofia ya upande wenye moto nimeichokonoa kwa bisibisi bapa, ikapasuka ukingo. Ya pili nikajifunza: nimeichovya kwenye maji ya moto dakika tatu, nikaizungusha kwa mkono huku navuta, robo kwenda, robo kurudi, ikatoka nzima. Iliyopasuka nimeiunga kwa gundi ya mirija miwili ya kuchanganya, 6,000, nikaiacha hadi kesho yake.

Nyuma ya kofia iliyopasuka kulikuwa na pete ya rangi ya kashata, ngumu, inang'aa, imeishika ekseli pande zote. Nilidhani ni sehemu ya mashine. Nikaikuna kwa wembe, ikatoa nyuzi nyeupe: nailoni. Nailoni iliyojizungushia ekseli, ikapata moto, ikayeyuka, ikaganda. Ndani yake, imezama hadi nusu kama jino kwenye ufizi, kulikuwa na punje ya tasbihi.

Mzee alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. Tasbihi yake ilikatika Shaabani ya mwaka jana, safu ya mbele kabisa, na punje alizookota zilikuwa tisini na tatu.

Kuitoa pete: usiichome, utayeyusha na brashi. Nimekata mifereji mitatu kwa wembe, nikaibomoa vipande vipande kwa kibano. Nyuma yake bering imekauka, grisi imegeuka uji wa mchanga, kuna kutu.

Nikajaribu kuiokoa. Nimeilaza kwenye mafuta ya taa usiku kucha, nikaipiga mswaki, nikaipaka grisi mpya (mafuta na grisi, 3,000). Mkononi ilizunguka vizuri mno. Kwa kuwa sina mkanda, nimeizungusha kwa drili ya jirani. Dakika tano, mgongo wa mkono: moto. Mchanga ulishachimba njia ya gololi, na shimo halijai grisi likawa laini. Bering iliyosaga ibadilishwe, usipoteze usiku wako.

Jumatatu, 10 Februari

Kama namba kwenye bering haisomeki, pima. Yangu ni milimita 6 tundu, 19 nje, 6 unene. Hiyo ni 626, namba ya kawaida, duka la bering linayo hata kama vakyumu hawaijui. Muuzaji atakuuliza ZZ au 2RS. ZZ ina kifuniko cha bati, 2RS ina cha mpira kinachogusa ndani na kuzuia vumbi vizuri zaidi. Kwa kitu kinachoishi kwenye vumbi nimechukua 2RS, mbili, 3,500 kila moja. Nimebadilisha zote, hata ya upande wa baridi.

Ya kwanza nimeiua mwenyewe. Ilikuwa inabana kwenye ekseli, nikaigonga kwa nyundo ndogo kwenye pete ya nje. Nguvu ya nyundo inapita kwenye gololi kwenda pete ya ndani, gololi zinabonyeza njia yake. Niliposikia imeingia nikaizungusha: kotokoto, kama ufunguo kwenye kitasa kibovu. Mpya kabisa, haijafanya kazi hata dakika moja. Nikarudi dukani kununua ya tatu, muuzaji akaangalia uso wangu, hakuuliza.

Ya tatu nimeiingiza kwa kipande cha bomba la chuma ambalo mdomo wake unagusa pete ya ndani peke yake. Vigongo vidogo vinne. Laini.

Sasa brashi ikisukumwa kwa kidole inazunguka, inazunguka, inazunguka.

Jumamosi, 15 Februari

Mdogo wangu amepata duka Kariakoo linalouza mikanda halisi ya vakyumu. Nilimtumia vipimo na picha ya mkanda wa zamani ukiwa kando ya rula. Mikanda bapa miwili, 24,000, basi 5,000. Ningeweza kuendelea na oringi, naamini sasa ingedumu, ila nilikuwa nimechoka kuamini vitu.

Nimefunga, nikawasha. Brashi inazunguka kwa nguvu, na mashine inarudi nyuma kunifuata miguuni kama mbwa aliyemwona bwana wake! Mchanga unarushwa mbele badala ya kwenda mdomoni. Mkanda niliuvisha ukiwa umejipinda mara moja katikati, umekaa kama nane, kwa hiyo brashi inazunguka kinyume. Sehemu ya chini ya brashi lazima ifagie kuelekea kwako, ndivyo uchafu unavyofika kwenye tundu na ndivyo mashine inavyojivuta mbele yenyewe. Kufungua, kunyoosha, kufunga: dakika tano.

Kisha dakika ya kumi na mbili mashine nzima ikazimika. Kimya. Sitaandika nilichosema, tulikuwa ndani ya msikiti.

Fyuzi ya kwenye plagi nzima. Soketi ina umeme. Nikaiacha, tukaswali, baada ya dakika arobaini nikabonyeza swichi bila matumaini, ikawaka. Ndani ya mota kuna swichi ya joto: mota ikipata moto kupita kiasi inakata, ikipoa inarudisha. Na mota inapoozwa na upepo ule ule inaouvuta, kwa hiyo upepo ukizibwa, inaungua. Chujio la sponji nyuma ya tangi la vumbi lilikuwa limeziba kabisa, zito kama tofali. Nimeliosha kwa maji matupu hadi maji yakatoka meupe. Kulikausha hapa Tanga mwezi huu, kwenye kivuli, kumechukua siku mbili. Usilirudishe bichi, vumbi litakuwa tope.

Jumamosi, 22 Februari

Ukumbi wote, safu kumi na nne, saa moja na robo, pamoja na mapumziko mawili niliyoipa mashine kwa woga. Kila baada ya safu nne nilizima, nikatoa plagi, nikapapasa ncha zote mbili kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu, sawa kwa sawa. Tangi la vumbi tumelimwaga mara tano, na nimepima vumbi la mwisho kwa ndoo ndogo ya rangi: limejaa. Hilo watu walikuwa wanaliwekea paji la uso.

Hesabu: bisibisi 4,000, mkanda wa cherehani 3,000, oringi 5,000, basi mara mbili 10,000, gundi 6,000, mafuta ya taa na grisi 3,000, bering tatu 10,500, mikanda 24,000. Jumla 65,500. Ningefungua ncha siku ya kwanza ingekuwa bisibisi, bering mbili, mkanda mmoja na basi mara moja: 28,000. Shehe ametangaza mchango baada ya Ijumaa, zimerudi 40,000. Sadaka ya nyundo niliyoipiga bering naibeba mwenyewe.

Jumamosi, 5 Aprili

Ramadhani imepita, Idi imepita. Mashine imefanya kazi kila siku ya pili, na siku za futari kubwa kila siku. Nimeifungua kuikagua: nyuzi chache katikati, nimezikata, mkanda haujang'aa, ncha nimezifungua kwa maji ya moto na safari hii hakuna kilichopasuka. Uzi mmoja mwembamba ulikuwa umeanza kujiviringisha upande wa kushoto. Bering kimya. Mkanda wa akiba umebandikwa ndani ya kabati la misahafu pamoja na bisibisi ya nyota.

Dada mmoja wa mtaani ameniletea yake, ya tangi na bomba refu, brashi haizunguki pia. Hiyo ni aina nyingine: brashi ina mota yake ndogo kichwani, na umeme unateremka kwa waya kupitia bombani. Brashi yake mkononi ilizunguka laini, kwa hiyo sikuhangaika na bering. Nimepima waya kwa mita ya fundi umeme huku plagi iko nje: bomba likinyooka mita inalia, shingo ikikunjwa inanyamaza. Waya umekatika ndani ya ganda lake pale pale shingo inapojikunja kila siku. Nimekata kipande kibovu, nimeunga kwa lehemu, nimevisha mpira wa kuzuia shoti. Sijamtoza kitu, kanipa vitumbua.

Ndani ya tangi la vumbi la mashine ya msikiti kulikuwa na punje nne za tasbihi. Nimempelekea mzee zikiwa kwenye kifuniko cha chupa. Akazihesabu kwa kidole, akaangalia kabati, akaangalia zulia la safu ya mbele.

"Na ile iliyoyeyuka ni tano," akasema. "Bado moja."